Ushauri: nimepata vifungo vya jeshi na hela za Mjerumani shambani Nyangao, niendelee vipi?

Mkorosho wa Kusini:
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kwa wenye uzoefu na hizi mashine za kupimia madini, ila mimi sitafuti dhahabu. Binamu yangu karudi kutoka Chunya na mashine yake, GPX, akaniachia nijifunzie kwenye shamba la mikorosho la babu huku Nyangao, Lindi. Babu karuhusu kwa moyo mmoja. Sasa shamba letu linapakana na msitu wa miombo kuelekea Mahiwa na wazee wanasema toka zamani ukilima unaokota risasi. Mpaka sasa nimetoa maganda ya risasi mengi, sarafu moja ya shaba ina taji na mwaka 1910 na chini ina herufi J, vifungo vya shaba, kimoja nimekipangusa udongo kwa kidole tu nikaona simba upande mmoja na farasi mwenye pembe upande wa pili, nyuma kina kitanzi cha kushonea bado kizima. Halafu kuna kipande cha shaba kimepinda, kimeandikwa KAR, kimekatika mguu mmoja wa kukishikilia kwenye nguo.

Naomba kujua, nioshe na nini? Naweza kuingia msituni au niishie shambani? Na hiyo mashine inapiga kelele kwa kila kitu mpaka kichwa kinauma, wenzangu mnaitulizaje?

Kabati la Sarafu:
Mkuu hongera sana, na asante kwa kuuliza kabla ya kuosha maana wengi wanakuja hapa wakiwa wameshasugua na limao na majivu na hapo hakuna la kusaidia tena. Usitie limao, siki, dawa ya meno wala steel wool. Loweka kwenye maji safi yasiyo na chumvi, badilisha maji, udongo utaachia wenyewe, kisha kausha kivulini. Ile rangi ya kijani iliyotulia ndiyo ngozi ya sarafu, iache. Ila kijani cha unga unga kinachopukutika hicho ni ugonjwa wa shaba, kitenge pembeni pakavu kisikae na wenzake.

Hiyo yako ni heller 1. J ni kiwanda cha Hamburg, ungekuta A ni Berlin. Mjerumani alianza na rupia ya pesa 64, kuanzia 1904 akaleta heller, 100 kwa rupia moja. Zilitoka nyingi mno kwahiyo usitegemee utajiri, hata ikiwa safi ni dola chache tu. Zenye bei kubwa ni za Tabora 1916, wakati meli hazifiki tena kutoka kwao wakaamua kupiga sarafu wenyewe, heller 5 na 20 zina herufi T, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Hiyo ya tembo ukiipata usimwonyeshe mtu njiani 🙏

Dili Chap:
Mkuu kama una rupia ya yule mwenye kofia ya ndege njoo inbox nina mteja wa milioni 200, lazima iwe inavuta mchele

Kabati la Sarafu:
Mkorosho usiende inbox ya huyo. Hakuna rupia inayovuta mchele. Rupia ya kweli ina picha ya Wilhelm wa pili na maandishi GUILELMUS II IMPERATOR, ni fedha, uzito gramu 11.66 kama haijalika, na sumaku haiishiki. Bei yake ni ya kawaida kabisa. Hao wa mamilioni mwisho watakuambia utoe hela ya "kupima", na wameshafilisi watu wazima wenye familia. Naomba mods wamuangalie huyu jamaa.

Chunya Matundasi:
Kaka hiyo mashine imetengenezwa kwa ajili ya punje ya dhahabu ndo maana inalia hata kwa kipande cha waya, sio mbovu. Udongo wenu mwekundu nao una chuma chake. Punguza sensitivity, piga ground balance (kuizoesha mashine udongo wa hapo) kila ukihama aina ya udongo, pandisha shusha koili, ile sahani ya chini, mpaka sauti itulie. Tembeza koili chini karibu na ardhi, taratibu, kila mpito upande juu ya uliopita. Kwa kazi yako ungepata detekta ya kawaida ya VLF yenye namba kwenye skrini ingekusaidia zaidi, kipande cha chuma kikubwa na sarafu vinatoa namba tofauti, unaruka misumari, ingawa vizibo vya soda vitakusumbua tu hapo hakuna namna. Nenda baada ya mvua, ardhi ikiwa na unyevu mlio unakuwa wazi. Na kata udongo kama kipande cha mkate ukirudishe palepale, usiache mashimo mbuzi wa watu wavunjike miguu.

Mwera Halisi:
Mdogo wangu mimi ni wa hukohuko. Hapo ulipo ni uwanja wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Mahiwa, tarehe 15 mpaka 18 Oktoba 1917, siku nne watu wanauana. Upande wa Mwingereza walikuwepo Wanijeria, Wahindi, na KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza) ambao ni watu wetu hawa wa Afrika Mashariki na Nyasaland. Upande wa von Lettow, kamanda wa Mjerumani, pia waliokuwa wanapiga risasi wengi ni askari weusi. Halafu wapagazi ambao hata bunduki hawakupewa. Kwahiyo hicho kipande cha KAR kilikuwa begani kwa mtu, na kwa vile kimekatika mguu mimi nakiangalia tofauti kidogo na sarafu. Ukikutana na mfupa, acha hapohapo, funika, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi. Usichimbe zaidi. Nakusihi sana hapo.

Na jingine, maganda matupu sawa, ila ukikuta kitu kizito cha duara au chenye ncha usikigonge usikinyanyue. Bomu la 1917 linaweza kulipuka leo. Weka alama, ondoka, ita polisi, wao wataita jeshi.

Hati na Mihuri:
Kwenye sheria, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kitu cha kale ni kilichotengenezwa kabla ya 1863, kwahiyo vifungo vya 1917 kwa umri peke yake haviingii. Ila usichukulie ndo ruhusa. Waziri ana mamlaka ya kutangaza kitu au eneo kulindwa, na kuchimba kutafuta vya kale kunataka kibali. Msitu ukiwa hifadhi, TFS (wakala wa misitu wa serikali) wana la kusema, ukiwa wa kijiji basi serikali ya kijiji. Na ukionekana na GPX porini hakuna atakayeamini unatafuta vifungo, utaulizwa leseni ya madini. Baki kwa babu, andika barua kwa halmashauri, afisa utamaduni akuelekeze kwa watu wa Mambo ya Kale. Usisafirishe chochote nje ya nchi.

Mjukuu wa Taveta:
Salamu kutoka Kenya. Sisi huku tuna kilima cha Salaita, walipigana 12 Februari 1916, na watu walizoea kuokota na kuuzia watalii. Kilichopotea si vifungo bali vilipokuwa. Ndugu yangu, kila kitu unachotoa piga picha kikiwa bado shimoni, chukua location kwa simu, andika kina, tia kwenye mfuko wake wenye namba. Angalia kitako cha kila ganda. Ganda nono la milimita 11 ni la bunduki ya Mauser ya 1871, ile ya moshi mwingi, askari wa Mjerumani walikuwa nayo sana. Ganda la .303 ni la Mwingereza. Ukipanga kwenye ramani utaona huyu alilala hapa akipiga kuelekea kule, mstari unajitokeza wenyewe. Huwezi kuupata ukishachanganya vyote kwenye ndoo moja. Huku Taita Hills kuna hoteli imeweka chumba cha maonyesho, wageni wanakuja kuona, na vijana wanalipwa kuwatembeza.

Mkorosho wa Kusini:
Wakuu Mungu awabariki. Kaka Mwera nimekuelewa, msituni siingii mpaka nipate barua. Maganda nimeyaangalia sasa hivi na tochi, yapo ya aina mbili kweli, yale manono yote yametoka upande wa korongo na membamba yote yako juu karibu na nyumba ya babu. Location za yale ya mwanzo bado nazikumbuka shimo kwa shimo, kesho nazipiga kwenye simu. Siuzi kitu. Chunya, hiyo ground balance naifanya koili ikiwa juu ya udongo uliochimbwa au ambao haujaguswa?

Chunya Matundasi:
Ambao haujaguswa, na hakikisha hapo chini hakuna chuma. Vua na panga kiunoni kwanza kaka, na buti kama lina chuma mbele.