Ushauri: Mume kakamatwa Texas, anaambiwa aende mahakama ya maveterani

MkeWaKoplo: Wakuu, mume wangu alikuwa jeshi la Marekani, Afghanistan kaenda. Tangu arudi halali, usiku kucha anakagua milango. Juzi trafiki kamsimamisha, kakutwa na kosa dogo tu. Wakili aliyepewa na mahakama anasema kuna mahakama ya maveterani, unatibiwa badala ya kufungwa. Tukubali?

Ngosha_TX: Zilivuma tangu Jaji Robert Russell aanzishe ya Buffalo, New York, 2008. Nzuri, ila si mteremko: mbele ya jaji kila mara, kupimwa mkojo, kliniki, na veterani mwenzake wa kujitolea anamshika mkono. Mwaka na zaidi. Akizingua, analala ndani.

ShangaziBoma: Jeshi la watu alifuata nini? Binamu yangu alirudi na kisukari na trekta.

MzeeWaKanisa: Pombe hiyo. Mwombeeni.

Mdadisi: "Kosa dogo" ndiyo nini? Mada nusu, ushauri nusu.

MkeWaKoplo: Vidonge vya Xanax, dawa ya kutuliza wasiwasi, vya rafiki yake, ili apate usingizi. Si muuza unga jamani!

Ngosha_TX: Uraia anao?

MkeWaKoplo: Ana grinikadi. Inahusu nini? Akimaliza programu kesi inafutwa, na tumeshakubaliana Jumatatu anakiri kosa.

Ngosha_TX: Inahusu sana. Mahakama ikifuta kesi baadaye, kwa uhamiaji kule kukiri na kupewa masharti bado ni hatia, na hatia ya dawa inatosha kumrudisha mtu kwao. Tangu kesi ya Padilla, Mahakama ya Juu ya Marekani, 2010, wakili analazimika kumweleza hilo mteja asiye raia. Alimweleza?

Mdadisi: Chai hii. Waswahili walichukuliwa kwa MAVNI, ule mpango wa jeshi wa kuchukua wageni wenye lugha au ujuzi adimu, uraia wakapewa chapchap. Mpiganaji wa Afghanistan anakosaje? Mleta uzi anatunga tamthilia.

MkeWaKoplo: MAVNI ilikuwa ya wasio na grinikadi! Yeye aliingia nayo. Fomu ya uraia alijaza, tukahamishwa kambi, barua ya kumwita alama za vidole ikaenda anwani ya zamani. Au nikuwekee picha ya buti?

Mdadisi: Weka.

ShangaziBoma: Mimi ya trekta ninayo.

Ngosha_TX: Achaneni na buti. Dada, Jumatatu aombe kuahirishiwa, mwone wakili wa uhamiaji kwanza. Ulizeni pia kama anaweza kupokelewa bila kukiri, kuna mahakama zinaruhusu.

MkeWaKoplo: Si watadhani anakataa matibabu? Na suti tumeshanunua.