Mtoto wa miaka mitatu meno ya mbele yanaisha na wala pipi hali

MamaKipepeo:
Jamani habari za jioni, naombeni msaada nimechanganyikiwa. Mwanangu ana miaka mitatu na miezi miwili, yale meno manne ya mbele ya juu yalianza mwaka jana kuwa na rangi rangi karibu na ufizi, nikadhani ni uchafu nikawa nasugua tu, sasa hivi mawili yamemomonyoka yamebaki kama visiki na akinywa kitu cha baridi analia. Kinachoniumiza kichwa ni kwamba pipi simpi, jojo haijui, soda anaionea kwenye tivii tu. Mama mkwe anasema ni wadudu wa meno, kuna mzee Mbagala anawatoa kwa kufukiza. Baba yake anasema hayo ya utoto yatang'oka yenyewe tusihangaike. Au ni kalsiamu? Maana mimba yake maziwa yalikuwa yananitapisha sikunywa kabisa.

Mzaramo_wa_Kwetu:
Pole dada. Wewe humpi, je dada wa kazi? 😂 Mi nilikuwa naapa kabisa wangu hali pipi, siku tunahama nasogeza kochi nakuta vikaratasi vya pipi vya kutosha kufungulia kiosk.

KijanaWaMeru:
Hayo ni maji hayo. Sisi wa Arumeru meno ya kahawia ni kawaida sababu ya floraidi kwenye maji, mimi mwenyewe ninayo. Achana na dawa ya meno yenye floraidi mnunulie ile isiyo nayo.

TabibuKinywa:
Mkuu wa Meru ngoja kidogo. Meno ya floraidi yanakuwa na mabaka, ila kwa wengi jino linabaki gumu, wewe mwenyewe shahidi unatafunia nyama nayo mpaka leo. Haya ya mtoto yanamomonyoka kuanzia kwenye ufizi, hiyo ni hadithi nyingine. Halafu kumnyima floraidi mtoto ambaye meno yanaoza ni kumvua koti wakati wa mvua.

MamaKipepeo maswali mawili: meno ya mbele ya CHINI yakoje? Na analala na nini?

MamaKipepeo:
Ya chini mazima kabisa meupe! Umejuaje? Analala na chupa yake, namtengenezea uji wa lishe mwepesi natia sukari kidogo tu na maziwa, anashikilia mpaka usingizi unamchukua. Akiamka saa nane usiku namuongezea. Bila hiyo hatulali nyumba nzima. Alafu ana kifua, dawa za maji haziishi mdomoni kwake, na anapenda usiku maana zina ladha ya matunda.

TabibuKinywa:
Basi jibu umelitoa mwenyewe. Mtoto akinyonya chupa ulimi unayafunika ya chini, uji unazunguka kwenye ya juu. Mchana mate yanasafisha, usiku mate yanapungua sana, kwa hiyo ile sukari inakaa hapo masaa. Mama mkwe hajakosea sana, wadudu wapo ila ni bakteria, huwezi kuwaona na moshi hauwatoi. Wanakula sukari wanatoa asidi, asidi inalainisha jino, na kila akipata tena sukari inaanza upya, mate yanahitaji kama nusu saa hivi au zaidi kutuliza hali. Ndio maana pipi moja iliyoliwa baada ya chakula cha mchana ikaisha ina afadhali kuliko juisi ya boksi inayonywewa kidogo kidogo kutwa nzima. Watu wanahesabu sukari ni kiasi gani wakati la kuhesabu ni mara ngapi.

Kalsiamu ya mimba usijilaumu, sio hiyo. Kuonja uji kwa kijiko chake au kulamba nyonyo ikianguka ndio acha, bakteria wako wanahamia kwake. Dawa za kifua mpe zote kama ulivyoandikiwa ila apige mswaki baada ya ya usiku.

Baba naye mwambie ya mbele kweli yanaanza kung'oka kwenye miaka sita, lakini magego ya utoto yanakaa mpaka miaka kumi, kumi na mbili, na jino likitunga usaha linaweza kuharibu la ukubwani lililo chini yake. Akivimba shavu au akipata kipele cha usaha kwenye ufizi usingoje kliniki, siku hiyo hiyo hospitali.

Mswaki nani anampigisha?

MamaKipepeo:
Anapiga mwenyewe asubuhi 🙈 yani anakula ile dawa.

TabibuKinywa:
Hahaha wote hao. Piga wewe, asubuhi na usiku kabla ya kulala, mpaka afike miaka saba hivi. Dawa yenye floraidi kiasi cha njegere moja (chini ya miaka mitatu ni punje ya mchele), ateme, asisukutue na maji. Chupa usiikate ghafla, sukari toa leo, halafu kila siku mbili tatu ongeza maji punguza uji mpaka yabaki maji matupu.

KijanaWaMeru:
Daktari nimekuelewa, kumbe nimemharibia binti yangu. Ila kwetu maji ni yale yale, nafanyaje?

TabibuKinywa:
Dawa weka kidogo na hakikisha hamezi, ya kunywa na kupikia tafuteni ya mvua au chanzo kingine kama mnaweza. Kuchemsha hakutoi floraidi, kunaizidisha maana maji ndio yanapungua.

MamaKipepeo:
Mrejesho. Jana sikusikia ushauri nikampa maji matupu moja kwa moja, kalia mpaka saa tisa, baba mtu kaamka kaenda jikoni kapika uji mwenyewe katia sukari vijiko vitatu. Leo naanza ile ya kupunguza, na kopo la sukari nimelihamishia kwa jirani. Alhamisi tuna miadi ya meno, baba ndio anampeleka, nataka aambiwe yeye.

Mzaramo_wa_Kwetu:
😂😂 Mpe na ile chupa aende nayo.