Tupeane uzoefu: tuliokuwa Urusi na Ulaya Mashariki bei zilipoachiwa

Mwanzisha uzi: Wakuu, wengi wetu tulikwenda kusoma Moscow wakati wa Ukomunisti, tukamalizia kwenye soko huria. Januari 2, 1992 serikali ya Rais Yeltsin iliachia bei karibu zote kwa mpigo, yaani iliacha kuzipanga yenyewe, na mwaka huo mfumuko wa bei ukafika kama asilimia 2,500. Washauri wa Magharibi na IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa), ambayo Urusi ilijiunga nayo Juni mwaka huohuo, walisisitiza ruzuku zikatwe na mali za umma ziuzwe. Hayo yameandikwa sana. Nataka tuliyoyaona wenyewe.

Bibi aliyekuwa akikaa mlangoni kwenye bweni letu alidunduliza miaka mingi benki, pesa ya kuzikiwa. Kufika majira ya joto haikutosha hata viatu. Nilimkuta nje ya kituo cha metro, kwenye mstari mrefu wa akina mama, mkononi ana vikombe vya kaure na soksi za sufu alizofuma. Maduka yalijaa, kweli. Watu waliingia, wakatazama bei, wakatoka.

Wa Kiev: Huku Ukraine 1993 ilikuwa mbaya zaidi, mfumuko ulipita asilimia 10,000. Ukipokea stipendi asubuhi, unakimbilia sokoni kununua viazi na mafuta kabla havijapanda.

Wa Łódź: Samahani mkuu, tusiziweke zote kapu moja. Poland walianza Januari 1, 1990 na mpango wa Balcerowicz, waziri wao wa fedha, nao ulikuwa mkali. Viwanda vya nguo vya Łódź vilifungwa, akina mama waliosuka nyuzi maisha yao yote wakabaki nyumbani. Ila 1991 serikali zilizowadai zilikubali kuwafutia nusu ya deni, na viwanda vikubwa hawakuviuza kwa pupa. Kwangu mimi, tofauti kubwa iko hapo.

Wa St Petersburg: Mnazikumbuka vocha? Kuanzia Oktoba 1992 kila raia alipewa moja ya rubli 10,000 akanunulie hisa za viwanda vya umma. Fundi bomba aliyetupangisha chumba aliiuza yake palepale metro, akarudi na nyama na sukari. Simlaumu hata kidogo, alikuwa na watoto. Walionunua vocha za watu kama yeye ndio walioshika viwanda. Halafu 1995 serikali ikakopa kwa mabenki machache, ikaweka rehani hisa za Yukos (kampuni ya mafuta) na Norilsk Nickel (ya madini), zikaenda moja kwa moja. Inaniuma mpaka leo.

Mwanzisha uzi: Asanteni sana. Waliokuwepo Agosti 1998, rubli ilipoporomoka mwezi mmoja tu baada ya IMF kutoa dola bilioni 4.8, nanyi tuandikieni.