Mjadala: Tangazo la katuni la miaka ya 90 nimelikuta kwenye mkanda wa harusi. Niliweke hadharani au nilifungie kabatini?

Wakuu, salaam.

Mama amehama nyumba, nikapewa kazi ya kupekua masanduku. Kwenye moja nikakuta mkanda wa VHS umeandikwa kwa mkono: "Harusi ya Shangazi 1997, USIFUTE". Deki nimeazima, kichwa chake nimekisafisha kwa spiriti na pamba. Picha ikaja na mistari kama mvua. Kabla harusi haijaanza kuna kipande kilichonusurika: tangazo la kituo kimoja cha televisheni, paka anamkimbiza panya, na mtangazaji kwa sauti ya kiredio anasema, "Watoto, kaeni mkao wa kula! Kila Jumamosi, saa tatu kamili asubuhi." Sekunde 38. Kisha picha inaruka, tarumbeta zinalia, shangazi anashuka kwenye gari.

Nimelirudia mara kumi. Tanzania Bara tulianza kuwa na televisheni 1994, na mtaani kwetu tivii ilikuwa moja. Viatu mlangoni, sisi sakafuni kwa jirani.

Nikalitupia kwenye kundi la familia. Binamu yangu, msomi wa sheria, akaja juu: katuni ni ya watu, muziki ni wa watu, hata ile sauti ina mwenyewe, kwa hiyo nikiiweka mtandaoni nimeiba. Ndiyo hoja ninayoileta hapa, kwa sababu mimi naona kinyume.

Chukueni kisa cha Sailor Moon, ile katuni ya Kijapani iliyotokana na michoro ya Naoko Takeuchi. Mwanzoni mwa miaka ya 90, kabla Wamarekani hawajaitafsiri, studio ya Toon Makers ilijaribu kuitengeneza upya: wasichana ni waigizaji wa kweli, wakibadilika wanakuwa katuni na kupaa angani juu ya mbao zenye tanga. Mradi ukakataliwa, na mwaka 1995 Marekani ikaonyesha ile ya Kijapani iliyotiwa sauti za Kiingereza. Mwaka 1998, kwenye maonyesho ya Anime Expo, kikaonyeshwa kipande cha kunadi mradi huo, kama dakika mbili hivi. Mtu mmoja ukumbini akakirekodi na kamera yake, vicheko vya watu vikiwamo. Hiyo nakala mbovu ndiyo iliyozunguka miaka na miaka, watu wakabishana, wakapekua. Mwaka 2022 mtafiti Ray Mona akaweka YouTube kipindi chenyewe kizima, na kilipatikana wapi? Maktaba ya Bunge la Marekani. Kilikuwa kimekaa rafuni muda wote huo.

Sasa nambieni: bila yule "mwizi" wa 1998, nani angejua kuna kitu cha kuulizia?

Na wenye mali nao si walinzi wa kutegemewa. BBC wenyewe walifuta vipindi vingi vya tamthilia yao ya Doctor Who vya miaka ya 60, maana kanda zilikuwa ghali na zilirekodiwa upya. Picha zikapotea, lakini sauti ya kila kipindi kilichopotea ipo hadi leo, kwa kuwa watazamaji walikuwa wakirekodi sebuleni kwao. Kama BBC walifuta, vituo vyetu vilivyoanza na kanda za kuhesabu vitakuwa vimebakiza nini?

Karibuni, ila tusitukanane.

*Mchangiaji wa kwanza:*
Mleta mada, umeongea kwa hisia sana. Mdogo wangu ni mchoraji wa katuni. Kila wiki anakuta kazi yake kwenye chaneli ya mtu mwingine, na huyo mtu anavuna hela za matangazo. Akilalamika anaambiwa anabania. Neno "urithi" linatumika sana na watu wasiochora hata mstari. Na hao Toon Makers umewaruka: ile kazi ilikuwa ya kuwaonyesha wanunuzi, ikakataliwa, kisha ukumbi mzima ukaicheka. Wewe barua yako ya kuomba kazi iliyokataliwa ungependa ibandikwe stendi?

*Mchangiaji wa pili, Mombasa:*
Huku Kenya sheria ya hakimiliki ya 2001 inalinda kazi za picha na sauti kwa miaka 50. Piga hesabu ya huo mkanda: 1997 jumlisha 50. Utando wa sumaku hautakungoja hadi 2047, ndugu yangu. Mimi nina kanda za marehemu babangu zimeshika ukungu mweupe, ukizicheza zinaacha unga kwenye deki. Nakili kwanza. Kuweka hadharani ni swali la baadaye.

*Mchangiaji wa tatu:*
Sekunde 38 za paka na panya mnazifanya kesi ya Mahakama ya Rufani?

*Mleta mada:*
Mkuu wa kwanza, ya mdogo wako nimeyapokea. Anayekula hela kwa jasho la mwenzake simtetei, na mimi sitawasha matangazo hata ya senti. Ila katuni hiyo haijapotea, inaonyeshwa kila siku, na mwenye nayo hakosi chochote. Kilichokuwa kimepotea ni ile sauti ya Kiswahili iliyotuita sakafuni kwa jirani. Ya barua ya kazi umenibana, sina jibu zuri. Labda tofauti ni kwamba tangazo hili lilishatangazwa, lilitengenezwa ili tulione.

Ndugu wa Mombasa, nimekusikia. Nakala mbili zimeshatoka, moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi kwa mama. Kituo nimekiandikia kuuliza kama wana nakala na kama mtangazaji yule yupo.

Wa tatu, ndiyo.

Halafu nimempigia shangazi mwenyewe, maana mkanda ni wake. Amesema tangazo niweke tu, lakini pale anaposhuka kwenye gari nikate. Lile shela hajawahi kulipenda.