Je, mtu mwenye ulemavu ni wa kuteuliwa tu?

Ndugu zangu Wakenya, natembelea magongo tangu utotoni. Nilipotaka kuwania uwakilishi wadi, afisa mmoja wa chama aliniambia kwa upole kabisa: "Usijisumbue na mchujo, ngoja orodha ya uteuzi." Alidhani ananisaidia.

Tupige hesabu basi. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inataka, hatua kwa hatua, watu wenye ulemavu wawe angalau asilimia 5 katika vyombo vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa. Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimwacha Spika. Asilimia 5 yake ni kama 17. Viti vya uteuzi ni 12, tena tunagawana na vijana na wafanyakazi. Hata tukipewa vyote, hatufiki. Seneti imetutengea 2 kati ya 67. Kwa hiyo anayesema "nyinyi mna viti vyenu tayari" hajahesabu.

Zilizobaki ni kura za wananchi, na hizo tunanyimwa mapema, jukwaani. Mwanasiasa akitaka kumponda mpinzani humwita kipofu, kiziwi, kichaa. Serikali ikizembea, ni kiwete. Umati unashangilia, nami nimesimama humo humo na magongo yangu. Mtasema ni misemo tu. Mbona zeruzeru tuliliacha, tukasema mtu mwenye ualbino, na Kiswahili hakikufa? Aliyezoea kusikia kila ubovu wa uongozi ukiitwa kwa jina la mwili wangu, akiikuta picha yangu kwenye karatasi ya kura atawaza nini?

Na bado wapo wapiga kura waliotutangulia sote. Westlands walimchagua Tim Wanyonyi, anayetumia kiti cha magurudumu, mwaka 2013, wakamrudisha 2017 na 2022. Kule Tanzania, Lindi Mjini walimpa ubunge Salum Barwany, mwenye ualbino, mwaka 2010, miaka ile ile watu kama yeye walipokuwa wakiuawa kwa ushirikina. Kwa hiyo msiniambie wananchi hawako tayari. Mlango unafungwa kwenye mchujo, kabla mwananchi hajaulizwa.

Mimi nataka sheria ivilazimishe vyama kusimamisha wagombea wenye ulemavu kwenye ngome zao, si pale wanapojua watashindwa. Unayepinga, karibu, ila nieleze: kwa njia gani nyingine tutafika 17?