Naomba ushauri: vifaa gani nibebe, Morogoro hadi Songea kwa Boxer 150?

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao natoka Morogoro kwenda Songea kwa pikipiki, peke yangu. Ni zaidi ya kilomita 700, na kipande cha Mikumi sitaki kabisa kukwama. Kule ni mbugani, huwezi kukaa pembeni ya lami unaziba pancha huku tembo anakutazama.

Mwaka jana nilipata pancha ya tairi la nyuma njia ya Ifakara. Tyubu na pampu nilikuwa navyo, ila spana iliyokuja na pikipiki ilizungukia nati ya ekseli mpaka ikala kona zake. Nilisukuma karibu saa nzima.

Sasa nimenunua spana ringi ya saizi ile, plagi mpya, plaizi, bisibisi, vyuma viwili vya kufungulia tairi, viraka na gundi, kilipu ya cheni na mkanda wa umeme. Nimevijaribu nyumbani: tairi la nyuma nimelitoa na kulirudisha mwenyewe, japo dakika 50 zilikwisha na kidole kimoja kikabanwa.

Maswali yangu ni mawili. Rimu zote ni 17: je, tyubu moja ya mbele inatosha kuokoa hata nyuma hadi nifike kwa fundi, au nibebe zote mbili? Na waya wa klachi wa akiba, nibebe kwenye begi au niulaze kabisa kando ya uliopo?

Waliopita njia hiyo, naomba mnisaidie.