Soksi za misokoto: niongeze vitanzi vingapi ili zipite kisigino?

Mfumaji wa Jioni

Salaam wanajukwaa. Nimezoea kufuma soksi za kawaida kuanzia juu kushuka vidoleni, kwa vitanzi 64, sindano za milimita 2.5 na uzi mwembamba wa soksi wenye sufu asilimia 75 na nailoni asilimia 25. Kwa mkono wangu vitanzi 32 hutoa sentimita 10, kwa hiyo soksi huwa na mzunguko wa sentimita 20 na hukaa vizuri kwenye mguu wa sentimita 22, kwa kuwa hutanuka kidogo inapovaliwa.

Sasa ninakusudia kufuma jozi yenye misokoto kuzunguka mguu mzima: vitanzi vinne vya kawaida vinavyopishanishwa kila baada ya mizunguko sita (viwili vikivushwa juu ya viwili, vifanane na kamba iliyosokotwa), vikifuatwa na vitanzi viwili vya kinyume (vinavyoonyesha nundu upande wa nje), na kuendelea hivyo hivyo. Nimefuma kwanza sampuli ya vitanzi 24, nikaiosha na kuikausha, nayo ina upana wa sentimita 6, ilhali vitanzi 24 vya kawaida hunipa sentimita 7.5. Ni dhahiri kwamba nikibaki na vitanzi 64 soksi haitapita kisigino. Je, niongeze vitanzi vingapi, na niviongezee wapi? Je, misokoto ishuke hadi kisiginoni na kwenye unyayo, au iishie mahali fulani? Nimewahi pia kushauriwa kwamba inatosha kubadili sindano na kutumia za milimita 3. Ningependa kujua kama ushauri huo unafaa.

Sindano Tano

Ndugu, sampuli yako imekwisha kukupa jibu la swali la kwanza. Vitanzi 24 kwa sentimita 6 ni vitanzi vinne kwa kila sentimita, hivyo mzunguko wa sentimita 20 ungehitaji vitanzi 80. Idadi hiyo haigawanyiki kwa sita. Ukichukua 78 utapata misokoto 13, ambayo huwezi kuigawa sawasawa kati ya mbele na nyuma. Kwa hiyo chukua 84, upate misokoto 14, saba mbele na saba nyuma, na mzunguko wa sentimita 21. Usihofu kwamba itapwaya. Mahali vitanzi vinapopishana, uzi huwa umekwisha kuvutwa upande, kwa hiyo hakuna ulegevu mwingi uliobaki wa kutanukia mguu unapoingia, na soksi ya aina hii haipaswi kuwa ndogo kuliko mguu kwa kiasi kile kile ulichozoea. Kabla ya yote, pitisha utepe wa kupimia kwa mshazari, kutoka nyuma ya kisigino hadi pale mguu unapojikunja mbele. Hapo ndipo penye kipimo kikubwa kuliko vyote ambavyo soksi hupita, na ndipo soksi nyingi za misokoto hukwama.

Kuhusu mahali pa kuongeza, usianze na vitanzi 84 tangu ukingo wa juu, kwa sababu ukingo haujipunguzi kama misokoto na utabaki umefunguka. Anza na 70, ufume ukingo wa vitanzi vitatu vya kawaida na viwili vya kinyume, mara 14. Katika mzunguko wa mwisho wa ukingo ongeza kitanzi kimoja ndani ya kila kundi la vitatu, liwe la vinne. Utakuwa na 84 kamili, na kila msokoto utachipuka moja kwa moja kutoka kwenye mstari wake wa ukingoni bila kuhama hata kitanzi kimoja. Mimi hupendezwa sana na mwendelezo huo, ingawa wapo wafumaji wasioujali.

Kisiginoni misokoto iishe. Ikiendelea nyuma ya kisigino itasuguana na kiatu, na ikipita chini ya unyayo utaikanyaga siku nzima. Hapo kuna jambo ambalo maelezo mengi hayalitaji: vitanzi 42 vya nyuma vikifumwa bila misokoto vitapanuka ghafla kuwa zaidi ya sentimita 13, na kisigino kitatokeza kama mfuko. Kwa hiyo, katika mstari wa kwanza wa kipande cha kisigino vipunguze hadi 32. Katika kila msokoto fuma vitanzi viwili vya katikati kwa pamoja, hivyo umepunguza saba. Kisha unganisha jozi tatu za vitanzi vya kinyume, na kumi vimetimia. Kuanzia hapo unafuma kisigino chako cha siku zote: mistari 32, ukihamisha kitanzi cha kwanza cha kila mstari bila kukifuma, halafu unakunja kisigino, yaani unafuma mistari mifupi huku ukipunguza vitanzi ili kipinde, hadi vibaki 18, na kuokota vitanzi vipya 16 kwenye ukingo wa kipande hicho kila upande. Unapopunguza ubavuni, unyayo utarudi kwenye 32 huku mgongo wa mguu ukibaki na 42 vyenye misokoto, jumla 74.

Sindano za milimita 3 nisingezitumia. Zitapanua kitambaa, ni kweli, lakini zitakifanya chepesi, na soksi nyepesi hutoboka mapema kisiginoni na vidoleni.

Bibi Sufu

Hesabu za mwenzangu ni sahihi, nami sizipingi, ila napinga misokoto 14 kwa mtu anayefuma jozi yake ya kwanza ya namna hii. Misokoto hunenepesha kitambaa, na soksi itakayovaliwa ndani ya kiatu kinachobana haihitaji unene pande zote. Hula pia uzi mwingi zaidi: gramu 100 zenye mita 400 hivi, ambazo kwa kawaida hutosha jozi ya watu wazima na kubaki, zinaweza kukupungukia kwenye soksi ya pili. Gawa uzi wako katika mafungu mawili yenye uzito sawa kwa mizani kabla ya kuanza, ili ujue mapema urefu wa juu unaoweza kuumudu.

Ushauri wangu ni misokoto mitatu tu mbele ya mguu, na kwingine kote mistari ya kawaida na ya kinyume ambayo hutanuka yenyewe. Kwa sampuli yako, kila kundi la vitanzi sita hupoteza takribani milimita 4. Makundi matatu yatapoteza zaidi kidogo ya sentimita 1, na vitanzi vinne vya nyongeza vitafidia upungufu huo, yaani 68 badala ya 64. Soksi itapita kisigino bila kulazimishwa, na misokoto yenyewe itaonekana zaidi kwa kuwa pembeni yake pametulia.

Wale wanaotaka mchoro mnene bila unene huo wanaweza kupishanisha kitanzi kimoja juu ya kimoja, vyote vikiwa vimefumwa kwa kuingiza sindano nyuma ya kitanzi ili vijipinde, kama zinavyofumwa soksi ndefu za Bavaria na Austria. Kazi hiyo ni ya polepole, lakini michoro yake ni mikali kana kwamba imechongwa.

Jambo moja la mwisho: uzi wa rangi moja, usio mweusi, uliosokotwa vizuri kwa nyuzi tatu au nne. Uzi wenye madoa ya rangi huimeza misokoto yote, na kazi yako haitaonekana.

Mfumaji wa Jioni

Nawashukuru nyote, Bibi Sufu, shikamoo. Utepe umenionyesha sentimita 31 kwa mshazari, na sampuli yangu nikiivuta kwa nguvu inafika sentimita 7.5 tu, hivyo hata vitanzi 84 vingeishia kwenye 26 hivi. Nimekubali misokoto mitatu na vitanzi 68. Nina maswali mawili madogo. Soksi ya kulia na ya kushoto zitazamane vipi? Na iwapo nitagundua, mizunguko mingi baadaye, kwamba msokoto mmoja umeelekea upande usio wake, je, lazima nifumue soksi nzima hadi hapo?

Bibi Sufu

Marahaba. Vitanzi viwili vinavyosubiri kwenye sindano ya ziada vikikaa mbele ya kazi, msokoto huinama kushoto. Vikikaa nyuma, huinama kulia. Kwenye soksi moja weka msokoto wa katikati uiname kulia na kwenye nyingine kushoto, kisha ile miwili ya pembeni iiname kuelekea nje kwenye soksi zote mbili, nazo zitatazamana. Andika mwelekeo huo kwenye karatasi kabla ya kuanza soksi ya pili, kwa maana baada ya majuma mawili utakuwa umeusahau.

Sindano Tano

Kwa vipimo hivyo hata mimi nisingeshikilia vitanzi 84. Ama kuhusu msokoto uliokosewa, usifumue soksi. Fuma hadi uufikie msokoto huo, kisha achilia vitanzi vyake vinne tu vishuke ngazi kwa ngazi hadi pale vilipopishanishwa vibaya. Vitanzi vya kinyume vilivyo pembeni havitafumuka. Vishike hapo kwa sindano nyembamba kuliko unayotumia, vipishanishe upya, halafu tumia vile vipande vya uzi vilivyolegea, kimoja baada ya kingine kuanzia cha chini kabisa, kuvifuma tena hadi juu. Vitanzi vitaonekana vimekaa ovyo, lakini kuosha kwa mara ya kwanza huvisawazisha. Nisingefanya hivyo kama kosa liko chini ya kukunja kisigino, ambako kuna vitanzi vilivyookotwa. Hapo kufumua ni salama zaidi.

Ukikaribia vidole, acha kupishanisha mizunguko minne au mitano kabla ya kuanza kupunguza, urudi kwenye 64 kwa kufuma pamoja kitanzi kimoja katika kila msokoto na kimoja cha ziada ubavuni. Kisha punguza vinne kila baada ya mzunguko mmoja hadi vibaki 32, na baadaye vinne kila mzunguko hadi vibaki 16, uviunganishe vinane kwa vinane kwa sindano ya kushonea bila kuacha mshono uliotokeza.